Miguu Sita Chini ya Mkeka

Polisi alikuwa anakula. Hilo ndilo lililomkera Bi Fuatino hata kabla hajajibiwa. Watu wanakauka kule mlimani kama mbata, na huyu ana pande la shelisheli mkononi, tui linamchuruzika mpaka kwenye kifungo cha shati la serikali.

"Karibu mama, kaa ule."

"Sikuja kula, Viliamu. Wajukuu zangu wanakufa."

"Nani kasema wanakufa?"

"Leo siku ya sita hawajatia kitu mdomoni. Na tangu jana asubuhi wamekatazwa hata maji."

Viliamu akaliweka shelisheli chini, akalifunika kwa jani kana kwamba halifai kusikia maneno hayo. Alikuwa kijana mwema. Bi Fuatino ndiye aliyemfundisha Zaburi alipokuwa mdogo, na alimchapa mara moja tu, tena si sana.

"Mama yangu, mtu mzima akifunga, hiyo ni dini yake. Hata mimi mke wangu hunifungisha kila Jumapili mpaka ibada iishe." Akacheka. Alipoona anacheka peke yake akaacha. "Sefanaia hajampiga mtu. Hajaiba. Kanisa lake halichukui hata senti. Sasa nikifungua kitabu hapa, nitaandika kosa gani?"

"Andika watoto."

"Watoto wana wazazi. Na baba yao ni nani? Si Peniamina wako? Mwambie mwanao, mama. Mimi nikienda kumtoa mtoto mikononi mwa baba yake, ukoo mzima utanijia juu, na wewe ukiwa wa kwanza."

Neno hilo lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Akauliza kama wanaweza kutuma gari kutoka mjini. Viliamu akasema gari lipo, lakini linangoja kipuri, na kipuri kinangoja meli, na meli ni Jumatatu.

"Jumapili alfajiri mlima unafunguka," alisema Bi Fuatino. "Ndivyo alivyowaambia. Jumatatu utakwenda kumkamata nani, nzi?"

Viliamu aliinuka. Alimsindikiza mpaka barabarani, akampa nusu ya shelisheli ndani ya jani. Bibi akaichukua. Hasira si sababu ya kutupa chakula.

Kutoka hapo alikwenda kwa mchungaji. Mke wa mchungaji alitoka na kusema mume wake amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, na chini ya pazia ilionekana miguu miwili minene imesimama kimya kabisa.

"Basi akiamka," Bi Fuatino alisema kwa sauti, akilielekea pazia, "mwambie avae viatu. Miguu yake inaota ndoto mbaya."

Mchungaji alikuwa na sababu ya kujificha. Pale Saleaumoe, kama vijiji vyote vya kisiwa chetu, sadaka husomwa kanisani kwa majina. Fulani na mkewe, tala mia mbili. Fulani na wanawe wa ng'ambo, tala mia tano. Watu huitikia, na mwenye kusomwa huangalia mbele kama vile hakusikia. Mwezi wa tano, karani alifika mwisho wa karatasi na kusoma, "Peniamina na Lagimaina, tala tano." Kisha mtu mmoja upande wa akina mama akakohoa, na kikohozi chenyewe kilikuwa na meno.

Lagimaina alitoka nje na mtoto mgongoni. Nje alikuwepo Sefanaia, amekaa juu ya ukuta wa makaburi, mtu aliyerudi kutoka Auckland miezi miwili nyuma akiwa na begi moja. Hakumpa pole za mdomo. Alimpokea mtoto, Elia, akamweka begani, akatembea na Lagimaina mpaka nyumbani kwake, polepole, mbele ya macho ya kijiji kizima. Ngazini akasema, "Mungu hajui kuhesabu pesa, dada yangu. Anajua kuhesabu machozi." Na yeye mwenyewe alikuwa analia. Kesho yake alikuja kuwarekebishia paa. Hakutaka hata chai.

Sisi tulimsifu. Mtu wa Mungu asiyetaka pesa! Sasa ndio tunajua: asiyetaka pesa yako, mwulize anataka nini.

*

Lango la mlimani, kule Sefanaia alikohamishia wafuasi wake, lilikuwa mti mmoja uliolazwa juu ya mapipa mawili. Kushoto na kulia ni mawe meusi ya volkano, makali kama vigae, hakuna anayeweza kuyapita pekupeku. Hakuna kijito wala kisima huko. Maji yote yalikuwa ya mvua, ndani ya tangi, na tangi lilikuwa na kufuli.

Peniamina alikuwa amesimama na panga. Alipomwona mama yake anapanda na pakacha kichwani, alishusha macho.

"Mama, rudi."

"Hujambo na wewe."

"Sijambo. Rudi."

Alikuwa mtu mkubwa, mvunja mawe, mabega kama mlango. Sasa shingo ilikuwa inaelea ndani ya kola. Midomo ilikuwa imepasuka, na katika mipasuko kulikuwa na kitu cheupe. Bi Fuatino aliogopa kuliko alivyoogopa kimbunga. Alitua pakacha.

"Nimekuletea majimbi na madafu. Kunywa moja tu. Mimi nitaangalia pembeni, Mungu naye nitamwomba aangalie pembeni."

Peniamina aliyatazama madafu. Koo lake likapanda na kushuka, lakini hakukuwa na mate ya kumeza.

"Nimepungua kilo kumi na moja," alisema. "Leo asubuhi nimeitwa wa tatu."

Kule juu walikuwa na mizani ya mbata, ile ya kuning'iniza magunia. Kila asubuhi Sefanaia alimpandisha kila mtu juu yake na kusoma uzito kwa sauti, jina kwa jina. Mwepesi ndiye atakayenyanyuliwa mlima utakapofunguka. Mzito atabaki na dunia yake. Aliyepungua sana alipigiwa makofi. Lagimaina, aliyekuwa wa mwisho kanisani, huku alisomwa wa kwanza siku nne mfululizo. Watu walilia kwa furaha, wakamkumbatia. Nani kati yetu aliwahi kumkumbatia?

"Nilikuzaa ukiwa kilo tano kasoro," alisema Bi Fuatino. "Mkunga aliwaita majirani waje waone. Leo unanitangazia kupungua?"

"Usinichekeshe, mama. Kucheka kunauma."

"Lusia je?"

"Kumi na sita."

"Ana miaka saba, Peni. Na Elia?"

Uso wa mwanaume yule ukang'aa. "Elia ndiye mwepesi kuliko wote. Baba anamwita Manyoya."

"Baba yupi? Baba yako yuko makaburini, tena alikufa ameshiba."

"Mama."

"Umewaona lini watoto?"

"Walinzi tukishapimwa tunarudi langoni, za watoto tunaletewa namba tu. Watoto wana nyumba yao, mke wa Baba anawatunza. Jumapili tutaonana wote." Alisema hivyo kama mtu anayengoja meli. Kisha sauti ikashuka. "Rudi, mama. Baba amesema wewe hutapita hapa kwa miguu yako. Umemtukana kijijini. Amesema mpaka umtake radhi."

Ni kweli alikuwa amemtukana. Alisema siku moja dukani kwamba mtu aliyefanya kazi miaka kumi na mmoja katika machinjio ya Auckland ana haki ya kuwa nabii, maana anajua jinsi ya kusema na kondoo mpaka wajipange foleni wenyewe. Watu walicheka, na kicheko kikapanda mlima.

"Radhi tu?" aliuliza.

"Radhi tu."

Bi Fuatino alijitwika pakacha lake. Alipofika kwenye kona hakugeuka nyuma, kwa kuwa alijua akigeuka atalia, na mwanawe akimwona analia atadhani ameshindwa.

*

Ndani ya sanduku la Bi Fuatino kulikuwa na mkeka mmoja wa heshima. Alikuwa ameusuka kwa miaka saba, kwa ukili wa mkadi mwembamba kama nywele, laini kiasi kwamba ukiukunja unalala kama kitambaa. Ulikuwa wa kumsitiri jenezani. Kila alipogombana na wakwe zake aliwakumbusha: "Msiniudhi, nitakufa leo, na mkeka upo."

Kwetu mtu akimkosea mwenzake kosa la kumwaga damu au la kuvunja jina, huenda alfajiri mbele ya nyumba ya aliyekosewa, akapiga magoti, akajifunika mkeka kama huo mwili mzima, akanyamaza. Hiyo ndiyo ifoga. Aliyekosewa akiinua mkeka, amesamehe, na hapo hapo atamkaribisha ndani, wale na kunywa pamoja. Asipouinua, mtu atabaki chini yake, jua au mvua. Mwingine yeyote haruhusiwi kuugusa. Hata mlevi wa kijiji hawezi, hata mbwa utadhani wanajua.

Jumamosi kabla ya mapambazuko Bi Fuatino alimenya madafu manne, akayatoboa na kuyaziba kwa vijiti, akayafunga kiunoni chini ya shuka. Alijitazama. "Mimba ya miaka sabini na moja," alisema. "Baba mtu ni nabii."

Alipofika langoni alikuwa tayari amejifunika. Alikuwa anaona mawe tu, na ncha za vidole vyake. Alisikia panga likiwekwa chini, na mti wa lango ukisogezwa. Hakuna mtoto wa kisiwa hiki anayeweza kuifungia lango ifoga, awe na nabii au asiwe naye.

Alipiga magoti uwanjani, mbele ya nyumba kubwa. Chini kulikuwa na mawe meusi, bado yana baridi ya usiku. Jua lilipotoka alisikia watu wakikusanyika, nyayo zinazoburuta, hakuna anayekohoa. Mnyororo wa mizani ukalia.

"Peniamina. Sabini na nane." Makofi, laini, kama ya watu waliovaa glavu.

"Lagimaina. Arobaini na tatu." Makofi.

Akaanza kusikiliza jina moja tu. Walisoma wanaume, wakasoma wanawake. Watoto walisomwa mwisho. "Lusia. Kumi na tano na nusu." Akangoja. Mnyororo haukulia tena.

Elia hakusomwa.

Ndipo nyayo nzito zikaja zikasimama karibu na kichwa chake. Zote siku ile ziliburuta, hizi hazikuburuta.

"Mama Fuatino," alisema Sefanaia. Na hapo ndipo alipomwogopa kweli, kwa kuwa sauti ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa sauti ya mtu anayekujua tangu ukiwa mdogo, aliyekungoja, ambaye hajachoka na wewe. "Mama yangu, umepanda mlima wote huu na magoti hayo? Kwa ajili yangu mimi?" Alikuwa analia, alisikia machozi ndani ya maneno. Chini ya mkeka wake, na madafu manne tumboni, Bi Fuatino alitamani kuinuka ambusu mkono. Hilo hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Alilitamani.

"Tumfunue, Baba?" aliuliza mlinzi mmoja.

Sefanaia aliuzunguka mkeka. Akimfunua, atalazimika kula na kunywa naye mbele ya watu ambao ndimi zao zimegeuka mbao. Asipomfunua, ameikataa ifoga ya bibi kizee. Lakini hakuwa mtu wa kukosa neno.

"Asiguswe," alisema taratibu. "Mwenye kumfunua ni mimi, na mimi nitamfunua kesho, mlima ukifunguka. Leo jua litampima."

Watu wakaitikia amina. Nyayo nzito zikaenda ndani. Nabii alikwenda kuongea na malaika, kama kila siku, mapazia yakashushwa.

*

Jua lilipopanda, mawe yalianza kuchoma magoti. Hewa chini ya mkeka ikawa kama ya chungu kilichofunikwa. Bi Fuatino hakugusa madafu. Alikuwa anasikiliza. Upande wa kulia, hatua kumi hivi, kulikuwa na nyumba ya watoto. Hakukuwa na kelele ya watoto. Mahali penye watoto ishirini hapakuwa na hata kilio.

Basi akafanya mlio. Alibonyeza ulimi juu ya kaakaa, taratibu, *tk tk tk*. Ndio mlio wa kuitia vitoto vya nguruwe saa ya kula, na ndio aliokuwa akimwitia Lusia kwa utani, na Lusia alikuwa akija kwa magoti na mikono huku akikoroma.

*Tk tk tk.* Hakuna kitu. Inzi. *Tk tk tk.*

Kitu kikakwaruza mawe nyuma yake. Ukingo wa mkeka ukanyanyuka kidogo kama vile upepo, na kichwa kikavu cha moto kikajisukuma ubavuni mwake.

Hakumkumbatia, aliogopa mkeka usitikisike. Alichomoa kijiti cha dafu la kwanza kwa meno, akaliweka mdomoni mwa mtoto.

"Kidogo," alinong'ona. "Kidogo kidogo, nguruwe wangu. Loweka mdomo kwanza."

Lusia akanywa. Akapumzika, akanywa tena. Bibi alihesabu mafundo kama mkunga anayehesabu pumzi.

"Mwite Elia," alisema bibi. "Mfanyie mlio. Yapo mengine."

Lusia alilamba midomo. "Elia amelala."

"Mwamshe."

"Tumeambiwa tusimwamshe. Usiku mama alimbeba wakampeleka kwenye mawe. Wamemfunika kwa mawe ili asipate baridi." Akafikiri kidogo. "Mama haruhusiwi kulia. Ukilia unatoa maji, unaharibu mfungo wa wote."

Bi Fuatino alifungua mdomo, na sauti iliyotaka kutoka ilikuwa kubwa kuliko uwanja ule. Akauma ukingo wa mkeka. Aliuma ukili wa miaka saba mpaka ukakatika ndani ya meno, na kwa kujikaza huko dafu la pili likaporomoka kiunoni, kijiti kikachomoka.

Maji yalitoka. Yalitiririka juu ya jiwe jeusi, yakapita chini ya ukingo wa mkeka, yakatokea juani mbele ya watu wote.

"Maji," sauti ya mwanamke ilisema. Ilikuwa ya mke wa nabii. "Mbona pale pana maji?"

Nyayo zilianza kusogea. Lusia alijikunja. Bi Fuatino alimfunika kwa kifua. Mtu mmoja alikuja mbio kuliko wengine, akapiga magoti upande wa nyuma, na pembe ya mkeka, pembe tu, ikainuka kwa kiasi cha jicho moja.

Lilikuwa jicho la Lagimaina. Liliona mdomo wa binti yake umelowa. Liliona dafu. Wanawake wale wawili waliishi nyumba moja miaka tisa, wakigombania chumvi, moto, na mwanaume mmoja, na hawakuwahi kutazamana muda mrefu kama ule.

Pembe ikashuka.

"Kuna nini?" aliuliza mke wa nabii.

"Amejikojolea," alisema Lagimaina kwa sauti kubwa. "Msisogee. Mzee amejikojolea, tena sana. Mbele ya nyumba ya Baba!"

Nyayo zikarudi nyuma. Mtu akasema, "Aa, aibu gani hii." Chini ya mkeka Bi Fuatino aliwaza kwamba heshima yote ya maisha yake imemwagika pale, na kwamba hajawahi kumpenda mkwe wake kama siku hiyo.

"Mtoe," alisema mke wa nabii. "Kampanguse kichakani, halafu umrudishe. Lakini mkeka usifunuliwe, Baba alisema."

"Siufunui. Nitaingia nimshike."

Akaingia. Sasa walikuwa watatu katika giza lile lenye joto. Bi Fuatino alijaribu kuinuka na magoti yakakataa. Lagimaina, kilo arobaini na tatu, alimwinua kwa kwapa. Lusia akashika kiuno cha bibi kwa nyuma. Wakaanza kwenda, hatua ndogo ndogo, mkeka umewafunika mpaka kwenye vifundo. Walipopita mapazia ya nabii, kupitia ukili uliokatika, Bi Fuatino alisikia harufu. Ilikuwa nyama ya kopo iliyokaangwa na kitunguu. Malaika walikuwa wanakula.

*

Langoni Peniamina alikuwa amekaa juu ya pipa. Alisimama kwa kushika pipa.

"Mbona mnatoka? Amefunuliwa?"

"Tunampeleka kichakani," alisema Lagimaina ndani ya mkeka. "Fungua."

Hakufungua. Alikuwa ameangalia chini. Miguu ya mama yake aliijua, yenye nyufa na kidole kilichopinda. Ya mke wake aliijua pia. Na kati yake, midogo miwili, imejaa vumbi jeusi.

"Sita," alisema.

Vidole vya ile miguu midogo vikajikunja.

"Huyo ni Lusia." Panga likasogea mkononi, hata yeye hakujua linasogea kwenda wapi. "Mnamtoa mtoto. Mnamwacha nje mlima ukifunguka. Lagi, tumefika mbali hivi, imebaki usiku mmoja." Kisha sauti ikabadilika, ikawa ndogo. "Na Elia? Naona miguu sita. Elia yuko wapi?"

Bi Fuatino alihisi mkwe wake amekuwa mgumu kama mti. Alijua kwamba ukweli ukisemwa hapa, mtu huyu au atawafuata, au ataanguka, au atapiga yowe na uwanja mzima utakuja. Hakujua ni lipi kati ya hayo. Alimzaa, na hakujua.

"Nimembeba," alisema Lagimaina.

"Mgongoni?"

"Nimembeba."

"Amelala?"

"Amelala, Peni. Usimwamshe."

Upepo ulipita juu ya mawe. Peniamina aliweka kiganja chake juu ya mkeka, mahali ambapo mgongo wa mkewe ungekuwa, bila kuugusa, karibu sana, kama mtu anayeota moto. Kisha akauondoa mti.

"Njoo nasi," alisema mama yake. "Mwanangu, tafadhali, tembea tu. Hatua mia moja."

"Zamu yangu haijaisha," alisema Peniamina.

Walishuka. Hawakuvua mkeka mpaka walipoona paa la kanisa.

*

Jumapili alfajiri mlima haukufunguka. Vijana wa kijiji walipanda kabla ya jua, kwa kuwa Bi Fuatino alikuwa amesimama katikati ya uwanja Jumamosi jioni, wakati wa sala, akipiga kengele ya kijiji, ule mtungi mkuukuu wa gesi, mpaka mchungaji akatoka na viatu. Viliamu alikwenda nao kwa lori la kuazima. Kumbe lori lilikuwepo siku zote.

Walikuta waliokufa kumi na wanne, watano wao wakiwa tayari chini ya mawe madogo yaliyopangwa vizuri. Wale tisa wengine walikuwa wamelala uwanjani, nyuso juu, wakingoja. Sefanaia walimkuta amekaa ndani. Hakukimbia. Aliwaita vijana kwa majina yao, akawauliza hali za mama zao, na wawili walianza kumjibu. Viliamu alipotaka kumtia pingu, kijana mmoja akasema bado, wakampandisha kwanza kwenye mizani ya mbata. Kilo mia moja na mbili. Hakuna aliyepiga makofi.

Peniamina walimkuta langoni, amekumbatia pipa, anapumua.

Alikaa hospitali wiki tatu. Nani alimwambia habari za Elia hatujui. Labda muuguzi, akidhani Peniamina anajua. Siku aliyotoka hakungoja kuchukuliwa. Alikuja usiku kwa miguu, na kulipokucha tulimwona mbele ya nyumba yake mwenyewe, amepiga magoti, amejifunika shuka ya hospitali. Mkeka hakuwa nao. Mkeka wa heshima tulikuwa tumemsitiria Elia, pamoja na tundu la meno ya bibi yake.

Kijiji kizima kilipata kazi ya kufagia asubuhi ile.

Ndani, Bi Fuatino alikuwa anapuliza moto. Lagimaina alikuwa anamenya majimbi. Nyumba zetu hazina kuta. Mtu huwezi kusema hukuona.

"Mfunue wewe," alisema Lagimaina. "Ni mwanao."

"Hakunikosea mimi peke yangu. Siwezi kumsamehe kwa mkono wako."

Lagimaina akamenya jimbi moja, akachukua jingine. "Na mimi nilimdanganya."

"Ulimdanganya."

"Basi na mimi nitafute shuka, nikapige magoti pembeni yake?"

"Shuka zimekwisha," alisema Bi Fuatino. "Ziko kwenye kamba, zimelowa."

Lagimaina karibu acheke, kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine. Kisu kikasimama ndani ya jimbi. Alikuwa anaitazama ile shuka nyeupe, jinsi inavyopanda na kushuka kwa pumzi za mtu, na hakuinuka. Jua likafika kwenye ngazi, likashuka uwanjani, likapanda juu ya mgongo wa mumewe. Akamenya jimbi la tatu. Bi Fuatino alizima moto na kuuwasha tena, kwa kuwa alihitaji kazi.

Lusia ndiye aliyepita katikati yao. Alichagua dafu kwenye pakacha, akalipiga piga kusikiliza kama limejaa. Hakuna aliyemwita. Alitembea mpaka kwenye shuka, akaizunguka kwa nyuma, akainama.

*Tk tk tk*, alifanya.

Kisha akainua ukingo kwa kiasi chake tu, akaingia.

Lagimaina akahesabu miguu. Minne. Aliweka kisu chini, akapangusa mikono kwenye shuka yake, na bado alikuwa amekaa wakati tuliposikia, sote wafagiaji, mtu anakunywa.